Kibandiko cha Intaneti kwenye Ua wa Mama

Mimi ni mtu wa kusoma vibandiko. Sinunui unga kabla ya kuigeuza pakiti na kusoma mgongo wake, na mwenye duka wa mtaani kwetu Lodwar akiniona naingia huanza kuwahudumia wengine, maana anajua mimi ni wa kukaa. Niliwahi kumrudishia maziwa ya unga kwa sababu tarehe ya kuharibika ilikuwa imefutika nusu. Akaniambia, "Madam, hiyo maziwa yenyewe haijui tarehe." Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa mama yangu ana watu wa kumsomea.

Ugonjwa huu niliupata kazini. Nilikuwa mkalimani kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa miaka mingi, nayatoa maneno kwenye Kiturkana nayatia kwenye Kiswahili, nayatoa huko nayatia kwenye Kiingereza, kisha narudi nayo nilikotoka. Sheria ya kazi hiyo ni fupi: usiongeze, usipunguze. Mtu akitukana, na wewe unatukana. Akisema neno katikati ya kilio, neno unalichukua, kilio unamwachia mwenyewe. Ukizoea kuishi hivyo, maandishi madogo ya chini ya karatasi hayawezi kukupita.

Kisha mkataba wangu ukafika ukingoni, nikapewa barua ya kushukuriwa kama wenzangu. Sikulia. Nilikuwa nimesikia habari za kazi nyingine, ya kukalimani kwa video ukiwa nyumbani kwako: daktari yuko huko, mgonjwa yuko kule, na wewe uko sebuleni umevaa blauzi nzuri juu na leso chini. Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na si kwa ajili ya leso. Mama yangu alikuwa amehama kijijini kwetu Kaikor akaja kukaa nami Lodwar, na mimi nilikuwa nashinda Kakuma wiki nzima, nikija kumwona Jumamosi kama mgeni, tena mgeni anayekuja na nguo chafu. Nikiipata kazi hii ningeishi na mama yangu. Nikiikosa, ningekwenda kutafuta mbali zaidi, na yeye angerudi Kaikor akakae peke yake.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, mtihani wa saa moja kwa video. La pili, picha ya kibandiko cha intaneti ya nyumbani kwangu. Kampuni moja ya intaneti iliyofika kwetu ilikuwa imeanza kubandika juu ya kila kisanduku chake karatasi ya kueleza kilichomo, kama pakiti ya unga: bei, kasi, ukubwa wa bando, likiisha inakuwaje, ukitaka kuacha unaachaje. Waajiri walitaka kuiona karatasi hiyo, wajue kama sauti yangu itafika au itakatikia njiani. Nilipolisoma sharti hilo nilicheka peke yangu. Kumbe kuna watu wengine kama mimi.

Kisanduku nilikinunua Kakuma, kwa Mkongomani mmoja mwenye duka la simu ambaye pia ni shemasi wa kanisa lao.

"Mama, soma yote," akaniambia. "Mimi niko mukristo. Sitaki kesho unakuja hapa na makelele."

Nikasoma. Nilianza kusoma nimesimama, kisha akaniletea kiti. Kibandiko kilikuwa na Kiingereza juu na Kiswahili chini, mambo mazuri kwa wino mweusi, na ya kuonya kwa wino mwekundu. Kwenye wino mweusi palisemwa kasi ni "hadi" kiasi fulani, na mimi neno "hadi" halinipiti hivihivi.

"Hadi maana yake inaweza kuwa chini ya hapo?" nikamuuliza.

"Iko hadi, mama. Kama vile mimi naweza kufika mbinguni. Iko hadi."

Wino mwekundu ulisema mambo matatu. Kwamba intaneti hii ni ya nyumba moja. Kwamba bando likiisha kabla ya mwezi kwisha, kasi itashuka na kubaki ya kutosha video ya mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Na kwamba bando haliongezwi mpaka mwezi mpya. Chini kabisa, kwa wino mweusi, pameandikwa jina la kisanduku na paswadi yake. Nikaridhika. Kitu kikinieleza ubaya wake mapema, nakipenda zaidi.

"Hii karatasi njo uzuri yake," shemasi akasema akinifungia mzigo. "Hakuna kufichana. Iko ya kila mutu aone."

Jumamosi nikafika Lodwar, nikakiweka kisanduku juu ya kabati, taa yake ya kijani ikawaka. Mama alikikagua kama anayekagua mbuzi wa mahari. Akataka kujua kinakula nini, nikamwambia umeme. Akaniuliza ile karatasi iliyobandikwa juu yake ni ya nini. Nikamweleza kwa Kiturkana maneno ya mwenye duka yote, mpaka lile la mwisho: karatasi hii ni ya kila mtu kuona, hakuna kufichana. Nikamweleza na maana ya paswadi. Sikuongeza, sikupunguza. Jumapili nikarudi Kakuma kukabidhi mafaili.

Makabidhiano yale yalinila wiki tatu bila kurudi nyumbani. Kila Jumapili nilimpigia mama simu, tukianza na "ejok", yaani njema, salamu yetu ya Kiturkana.

"Ejok?"

"Ejok. Ejok nooi."

"Uko mzima?"

"Mzima kabisa. Mbuzi wazima, kuku wazima, watu wazima."

Nilisikia mbuzi, nikasikia kuku, nikatosheka. Hao watu niliwapita bila kusoma, mimi mwenyewe, msoma vibandiko.

Jumamosi ya mwisho nilishuka na virago vyangu vyote, zikiwa zimebaki siku mbili kufikia mtihani. Ua wetu ni wa matawi ya mathenge, ule mti wa miiba, na makuti ya mkoma, hauna cha kutazamwa. Siku hiyo ulikuwa na watu. Wamekaa kwenye kivuli chake mstari mzima, kila mmoja na simu yake, wengine wameleta viti kutoka makwao. Palikuwa na waendesha bodaboda, pikipiki zao zimepangwa kama stendi. Palikuwa na katekista wa kigango cha jirani na daftari lake la nyimbo. Mwanamke mmoja alikuwa ameinjika sufuria ya chai, na watu wamemzunguka. Nilifikiri kuna msiba. Nikauacha mzigo katikati ya njia.

Mwendesha bodaboda mmoja akaniona nimesimama.

"Madam, uko mgeni?" akaniambia kwa ukarimu. "Unataka net? Paswadi iko hapo kwa posti. Lakini enda usalimie shosho kwanza, hiyo ndio sheria ya hapa."

Nikatazama kwenye nguzo ya mlango wa ua. Kibandiko changu kilikuwa pale. Kilikuwa kimebanduliwa kwenye kisanduku kwa uangalifu mkubwa, kikabandikwa kwenye nguzo, na pembe zake nne zimeshikizwa kwa plasta ya kidonda.

Niliingia ndani nikifoka. Mama, huyo shosho, bibi wa watu wote, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha, akipokea salamu za watu kama chifu.

"Mama, nani ametoa karatasi yangu nje?"

"Mimi," akasema. "Ulisema ni ya kila mtu kuona. Humu ndani nani angeiona? Mimi sisomi."

"Sikusema uwape watu paswadi!"

"Waliomba. Mtu akiomba kitu na wewe unacho, unamwambia nini?"

Swali hilo kwetu halina jibu, na alijua. Kwetu kuomba si aibu. Aibu ni kunyima, na ukinyima habari zako zinafika Kalokol kule ziwani kabla ya samaki wa kesho. Nikamwambia intaneti si maji, inakwisha. Akaniambia maji pia yanakwisha na watu wanapewa. Nikamwambia karatasi inasema ni ya nyumba moja. Akaniuliza wapi. Nikamshika mkono ili nimwonyeshe, akakataa kuinuka, nikatoka peke yangu.

Maneno hayakuwepo. Jua la Lodwar lina ugomvi na rangi nyekundu, kila mwenye shati jekundu anajua. Wiki tatu tu, na wino wote mwekundu ulikuwa umekwenda na jua, pamebaki weupe. Mweusi ulikuwa palepale, unang'aa. Kibandiko changu sasa kilisema mazuri peke yake: bei nzuri, kasi hadi pale, karibuni nyote. Sikuwahi kuona karatasi inayosema kweli ikigeuka mwongo kwa kunyamaza tu.

Kwenye kabati, taa ya kisanduku ilikuwa imetoka kijani na kuwa ya chungwa. Bando lilikuwa limekwisha, na mwezi mpya ulikuwa bado wiki nzima mbele. Kilichobaki kilitosha video ya mtu mmoja, na mimi nilikuwa na kijiji kizima uani. Hasira zilinipanda. Nilichukua simu nikafungua mahali pa kubadilisha paswadi. Ilibaki kubonyeza tu, na watu wote wale wangeinuka mmoja mmoja wakiangalia simu zao, waende zao.

Ndipo yule mwanamke wa chai akaniletea kikombe. Nilikuwa nimesimama, yeye akakaa.

"Wewe ndio ile msichana ya Kakuma," akasema. "Ni vizuri umekuja. Mguu ya mama sasa iko sawa kidogo."

"Mguu upi?"

Akanitazama, kisha akauangalia mlango. Nikamwambia aseme. Akasema kwamba Jumanne moja mama alianguka na jerikani ya maji, pale nyuma ya nyumba, asiweze kuinuka. Kama si watu wa uani kusikia jerikani ikigonga, angelala pale juani. Mwendesha bodaboda, yuleyule aliyenikaribisha kwangu, alimpeleka hospitali, mama akiwa katikati, mwanamke huyu akiwa nyuma anamshika. Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali mama achote maji. Anayekuja kutumia intaneti anakuja na jerikani. Ndiyo maana pipa letu lilikuwa limejaa, nami nilikuwa nimelipita bila kujiuliza.

"Alisema kwenye simu yuko mzima," nikasema.

"Alikuwa anaongea na wewe akiwa amelala hapo kwa kitanda. Alituambia tunyamaze."

Nilikunywa ile chai. Ilikuwa na sukari nyingi na nilikuwa na haya. Niliifunga simu bila kubonyeza kitu.

Lakini mtihani ulikuwa palepale, Jumatatu saa nne asubuhi. Nilihitaji saa moja, simu zote zizimwe. Nikamwomba mama awaambie. Akakataa.

"Mimi niliwapa," akasema. "Siwezi kuwapa kisha niwanyang'anye. Wewe ndiye mwenye shida. Enda uombe."

Msomaji, sijazoea kuomba. Nimesoma, nina vyeti, nimeishi kwa kuwaombea wengine kwa lugha tatu, lakini ombi langu mwenyewe halijawahi kunitoka mdomoni. Jumapili baada ya ibada nikaanza upande mmoja wa ua nikaenda hadi mwisho, mtu kwa mtu. Kila mmoja alikubali, na kila mmoja akaniomba chake, maana ndivyo inavyokwenda. Mwendesha bodaboda aliomba miwani yangu ya jua, akaipata. Katekista aliomba nimwandikie barua ya Kiingereza kwa paroko. Mwanamke wa chai aliomba kiti changu cha plastiki, kile chenye mikono. Mzee mmoja ambaye hata simu hakuwa nayo alisema na yeye amekubali kuzima, akaomba tumbaku. Nilimpa pesa ya kununulia. Nilipofika mwisho wa ua nilikuwa sina miwani wala kiti, na moyo wangu ulikuwa mwepesi ajabu.

Jumatatu nikavaa blauzi. Kwenye dirisha niliwaona wote wamekuja kama kawaida, wamekaa mstari, simu zimezimwa mapajani. Nilidhani wangebaki makwao. Hawakuwa na sababu ya kuja, walikuja tu.

Mkaguzi akatokea kwenye kioo cha simu, mama mmoja wa sauti ya ofisini. Picha yake ilikuwa safi. Mtihani ulikuwa wa kuigiza: yeye daktari kwa Kiingereza, mwenzake mgonjwa kwa Kiturkana, na mimi katikati. Mgonjwa akaanza kueleza maumivu ya tumbo, kwa uchungu mwingi, alikuwa mwigizaji hodari. Bahati mbaya dirisha lilikuwa wazi, na uani hakukuwa na kelele yoyote siku hiyo.

"Pole!" watu wakaitikia kwa pamoja kutoka uani.

"Mwambie asinywe maziwa mabichi," mama akaongeza kutoka mlangoni.

Mkaguzi akauliza nani huyo. Nikafunga dirisha. Joto lilivyokuwa, nilikalimani nikitiririka jasho kama niliyetoka mto Turkwel kuoga. Katikati ya kipimo cha damu picha ikakwama, mdomo wa mkaguzi wazi, nami nikapaza sauti, "Imekwama!" Nikasikia mama akinguruma nje: "Nani hajazima?" Kisha sauti ya katekista, ya chini sana: "Ni mimi, shosho. Kwaya ilikuwa imebaki kidogo." Picha ikarudi.

Tukamaliza. Mkaguzi akasema Kiturkana changu na Kiingereza changu havina shida. Kisha akainua karatasi.

"Nina picha ya kibandiko uliyotuma. Naona hapa chini kuna nafasi nyeupe. Palikuwa na maandishi?"

Niliwaza haraka. Ningeweza kusema ni pambo. Picha mimi nilikuwa nimeipiga Jumamosi ile pale kwenye nguzo, vilevile kibandiko kilivyo, sikufuta kitu, jua ndilo lililofuta. Nilikuwa nimejitetea hivyo tangu nilipoituma. Lakini nilikuwa nimetoka tu kukalimani saa nzima, na mdomo wangu ulikuwa bado kwenye sheria yake. Nikamsomea mistari mitatu iliyofutika, kwa kichwa, neno kwa neno. Nikamwambia pia kwamba bando langu limeshakwisha.

Akaandika. "Na nyumba yako ina watu wangapi?"

"Inategemea jua liko wapi," nikasema.

"Samahani?"

"Asubuhi kivuli kikiwa upande wa barabara, tunakaribia thelathini. Jioni wanapungua."

"Watu thelathini wanatumia laini hii? Mbona nakuona vizuri hivyo?"

"Wamezima. Nimewaomba."

Nikafungua dirisha, nikaigeuza simu kuelekea nje. Wao, walipoona kamera, wakapunga mikono, na mzee wa tumbaku akasimama kabisa, akavua kofia. Mkaguzi hakucheka. Aliwatazama, akashukuru, akasema watanijulisha.

Siku nne sikula vizuri. Ya tano barua ikaja: nimepata kazi, kwa sharti la kuwa na kisanduku cha pili, cha kazi peke yake, kikae ndani. Mama ndiye aliyepeleka habari uani, kwa kupiga vigelegele kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa pili. Nilirudi Kakuma kwa shemasi. "Mama," akasema, "ile ingine ilikudanganya?" Nikamwambia hapana, ilisema kweli, ni sisi tuliiweka juani.

Kile kibandiko cha kwanza bado kiko kwenye nguzo. Nimeandika upya mistari mitatu kwa kalamu nyeusi nene, na watu wanaisoma, na simu zinapokezana kwa zamu waliyoipanga wenyewe.

Ila kuna kitu kingine nilichobadilisha. Nilikasirika sana na mama kuhusu ule mguu, nikamwambia hivyo waziwazi, nikilia, na sikuwa na mkalimani. Nikamwambia mimi sitaki tena kusikia "ejok" peke yake. Sasa asubuhi kabla sijavaa blauzi namuuliza hali, na akisema yu mzima namwambia asome yote, hata ya wino mwekundu.

Mara ya kwanza alisugua goti.

"Goti la kushoto," akasema. "Jicho hili, linaona kama kuna moshi. Usingizi hakuna."

"Nini kingine?"

"Wiki zile ulizokuwa Kakuma, ukija Jumamosi tu," akasema, "nilikuwa naanza kukungoja siku ya Jumatatu."